Sharubati ya kugandisha na soda ya kuelea: mwongozo kamili kwa mwenye friza na asiye na friza

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, Ujiji huwa na joto la aina yake. Ziwa limetulia, upepo haupo, vumbi limelala juu ya majani ya miembe, na maembe ya mwanzo yameanza kuanguka. Ndio wakati watu hupenda kukusanyika barazani jioni: kina mama wamemaliza hesabu za kikundi, mtoto amepata komunyo ya kwanza, shemeji ameshuka kwenye treni kutoka Tabora. Unataka kuwapa kitu cha baridi kilicho zaidi ya soda tupu. Hapo ndipo ninapotoa ndoo yangu ya barafu na chumvi.

Ninachoeleza hapa ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Cha kwanza ni sharubati ya kugandisha: juisi nzito ya matunda, sukari na maziwa kidogo, iliyogandishwa huku inakorogwa mpaka ikawa laini ya kuchoteka kwa kijiko. Cha pili ni soda ya kuelea: glasi ya soda baridi ambayo juu yake umeweka donge la ile sharubati, likaelea na kuyeyuka taratibu. Neno sharubati tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wa kunywa, na Waingereza nao wakalipata neno hilohilo kupitia Kituruki na Kiajemi wakalifanya kuwa jina la kitu kilichogandishwa. Soda ya kuelea ni ya Marekani. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Robert Green, muuza soda wa mji wa Philadelphia, mwaka 1874.

Wengi nikiwaambia hudhani lazima uwe na mashine. Wengine husema, "Sina friza." Mji wa Kigoma umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na hata leo umeme ukikatika hakuna anayeshangaa, kwa hiyo nimejifunza njia isiyotegemea waya. Matunda tunayo, maziwa yapo, soda ipo kila duka. Kazi yote iliyobaki ni baridi: kuipata, kuiingiza kwenye sufuria na kuizuia isitoroke kabla wageni hawajaketi.

Kwanza, kwa nini sharubati na si aiskrimu

Kwa sheria za Marekani, aiskrimu lazima iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 10, wakati sharubati ya kugandisha ina asilimia 1 hadi 2 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mfukoni na kwenye glasi. Mfukoni, kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe kinatosha sufuria nzima. Kwenye glasi, sharubati ina uchachu wa matunda unaokata utamu wa soda. Aiskrimu ya vanila ndani ya Fanta ni tamu juu ya tamu, na baada ya nusu glasi mtu anaomba maji.

Na hapa niseme jambo la sukari mapema. Soda nyingi za kawaida zina sukari karibu gramu 10 katika kila mililita 100. Ukiongeza sharubati, glasi moja inakuwa na sukari nyingi. Ndiyo maana napenda glasi ndogo, nusu chupa ya soda kwa mtu, na sharubati yenye ndimu ya kutosha. Kama unaye mzee mwenye kisukari nyumbani, mwandalie kitu chake mapema, hata maji ya baridi yenye ndimu na tangawizi katika glasi ileile nzuri, asikae akiwaangalia wengine.

Sharubati ya embe, ambayo ningeanza nayo

Maembe ya Ujiji yana historia ndefu. Miembe ilifuata njia za misafara, na ni chini ya mwembe hapa ndipo Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kwa kazi hii nachagua embe dogo la kienyeji lenye nyuzi kuliko dodo kubwa. Dodo lina nyama nyingi na kumenya kwake ni rahisi, lakini baridi kali hupunguza harufu na utamu wa kila kitu, na embe la kienyeji lina harufu ya kutosha kuvumilia hilo. Nyuzi zake utazichuja. Chukua yaliyoiva hasa, yale yanayobonyea kidogo karibu na kikonyo na kunukia kabla hujalikata.

Utahitaji hivi, kwa madonge 20 hadi 24 ya ukubwa wa limau dogo:

- embe lililosagwa na kuchujwa, vikombe 3 (mililita 750)
- sukari, gramu 250, yaani kikombe kimoja na robo
- maji yaliyochemshwa, mililita 150
- maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kikombe 1 (mililita 250)
- juisi ya ndimu, vijiko vya chakula 2
- chumvi, ya kubana kwa vidole viwili

Weka sukari na maji jikoni, koroga mpaka sukari iyeyuke yote, epua uache ipoe kabisa. Usiruke hatua hii kwa kutia sukari kavu kwenye embe: chembe zisizoyeyuka zitakusumbua mdomoni, na sharubati itaganda kwa mapande. Saga embe kwenye blenda, au lifikiche kwa mikono safi ndani ya bakuli kama umeme haupo, kisha lipitishe kwenye chujio ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Changanya embe, shira ya sukari, ndimu na chumvi. Maziwa yaingie mwisho, yakiwa ya baridi. Ukiyatia ya moto kwenye kitu chenye ndimu yatakatika, utapata maziwa mgando ya embe.

Onja sasa. Mchanganyiko uwe mtamu kuliko unavyopenda kunywa, kwa sababu ukiganda utamu utapungua ulimini. Kama sasa hivi ni mtamu wa kawaida, ukiganda utakuwa chapwa.

Sukari haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Ndiyo inayozuia maji yasigande yote. Juisi ya embe isiyo na sukari ya kuongeza ikigandishwa inakuwa jiwe, kama zile barafu za ukwaju ambazo watoto hununua na kuzing'ata pembeni. Sukari ikifika kiasi cha robo ya uzito wote, sehemu ya maji hubaki kimiminika katikati ya chembe za barafu, na kijiko kinapita. Ikizidi theluthi, haigandi vizuri, inabaki uji. Kwa hiyo ukitaka kupunguza sukari kwenye vipimo vyangu, punguza kidogo sana, na ujue utachota kwa nguvu zaidi.

Asali inafaa, na sisi wa mikoa hii ya miombo tunayo nzuri. Badilisha robo ya sukari kwa asali, isizidi hapo. Sukari za ndani ya asali zina chembe ndogo kuliko sukari ya mezani, kwa hiyo uzito uleule wa asali hulainisha zaidi. Ukiweka asali tupu utangoja mpaka usiku.

Matunda mengine, na mitego yake

Ukwaju ni wa pili kwa kupendwa nyumbani kwangu. Loweka gramu 250 za ukwaju kwenye lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa pamoja na kipande cha tangawizi iliyopondwa, fikicha, chuja. Tia sukari gramu 300 maji yakiwa bado ya vuguvugu, koroga mpaka iishe. Usitie maziwa. Uchachu wa ukwaju utayakata tu, upende usipende. Kama unataka ulaini wa maziwa, tumia maziwa mazito ya kopo, yale matamu, vijiko vya chakula 4, uyakoroge ndani ya ukwaju uliokwisha kupoa. Hayo huvumilia uchachu bila kuharibika, bali huzidi kuwa mazito. Punguza sukari gramu 50 ukifanya hivyo.

Nanasi lina mtego wake. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na mchanganyiko ukikaa hata saa moja unaanza kuwa mchungu. Papai nalo lina tabia hiyohiyo. Dawa ni kuchemsha: katakata nanasi, lichemshe na ile sukari na maji kwa dakika 10, lipoe, ndipo ulisage. Moto unakiua kimeng'enya, na kwa kweli nanasi lililochemshwa kidogo lina ladha iliyokolea zaidi. Mara ya kwanza sikujua hili. Nilitengeneza sufuria nzima kwa ajili ya watoto wa dada yangu na haikuliwa. Nilidhani maziwa yalikuwa mabovu, nikamlaumu bure aliyeniuzia.

Pasheni ni rahisi: nyama ya pasheni 12 iliyochujwa mbegu, iongeze maji mpaka ifike vikombe 3, kisha fuata vipimo vya embe na uongeze sukari gramu 50, bila ndimu. Ndizi mbivu ukiisaga na embe kwa kiasi cha moja kwa tatu huleta ulaini mzuri hata bila maziwa, ila ifanye siku ileile kwa sababu ndizi inabadilika rangi.

Kwa juisi nyepesi kama ukwaju, limau au choya, ipo njia ya zamani ya kupima sukari kwa yai. Chukua yai bichi, lioshe vizuri. Kwanza liweke kwenye maji matupu: likilala chini, ni bichi la karibuni na linafaa, likielea kwenye maji matupu ni la siku nyingi, litakudanganya. Sasa chota juisi yako kwenye bilauri kubwa, tumbukiza yai. Likizama, sukari ni ndogo. Likielea na kuonyesha kichwa chenye upana wa sentimita 2 hivi, uko sawasawa. Likitokeza zaidi, ongeza maji au juisi. Ile juisi ya kwenye bilauri imwage, usiirudishe sufuriani, maana ganda la yai bichi hubeba vijidudu. Kwenye embe lililosagwa njia hii haisomeki vizuri kwa sababu ya uzito wa nyama yake.

Usafi

Wapo wanaoamini baridi inaua vijidudu. Haiui. Inavilaza tu, na vikiyeyuka vinaamka. Maji ya ziwa yetu yanaonekana masafi mpaka unaona mawe chini, lakini tumeshaona kipindupindu mwambao huu. Kwa hiyo kila tone la maji linaloingia kwenye sharubati lichemshwe, maziwa yachemshwe hata kama umemkamua ng'ombe wewe mwenyewe, matunda yaoshwe kabla ya kumenywa, mikono kwa sabuni. Barafu inayoingia kwenye glasi iwe ya maji uliyoyachemsha wewe. Barafu ya kununua, hasa ile ya kuhifadhia samaki kwenye mwalo wa wavuvi, inafaa kabisa kwa ndoo ya kugandishia, lakini isiguse kinywaji.

Sharubati yenye maziwa ikiyeyuka ikakaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, usiirudishe kugandishwa. Mwaga.

Kugandisha kwa barafu na chumvi

Hii ndiyo njia yangu, hata siku umeme unapokuwepo, kwa sababu inatoa sharubati laini kuliko friza. Ukitazama ramani utaona tumebahatika: Uvinza iko jirani, na watu wamechemsha chumvi kutoka chemchemi za pale, karibu na mto Ruchugi, kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya punje kubwa, isiyosagwa, ndiyo unayotaka. Ni rahisi kwa bei, na haiyeyuki yote kwa mara moja.

Maana ya chumvi ni hii. Barafu tupu ina nyuzi 0, na kwa nyuzi 0 juisi yenye sukari haigandi. Ukiinyunyizia chumvi, barafu inalazimika kuyeyuka ingawa bado ni baridi, na ili iyeyuke inahitaji joto. Joto hilo inalivuta kutoka kitu kilicho karibu nayo, yaani sufuria yako. Maji ya chumvi yanayotoka yanaweza kushuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri kwenye ndoo ya nyumbani; ukomo wa chumvi ya kawaida ni nyuzi 21 chini ya sifuri.

Vifaa: ndoo ya plastiki ya lita 20, sufuria ya lita 3 yenye mfuniko unaobana, mwiko, gunia au blanketi kuukuu, barafu kilo 6, chumvi kilo 2. Uwiano ni sehemu tatu za barafu kwa moja ya chumvi. Sufuria ya aluminiamu hupitisha baridi haraka sana, na kwa embe sina neno nayo. Kwa ukwaju na ndimu natumia ya stenlesi, na kama sina, nahakikisha sharubati haikai ndani ya aluminiamu usiku kucha, kwa sababu uchachu unakula bati na kuacha ladha ya chuma.

Mchanganyiko wako uwe umepoa hasa kabla hujaanza. Uweke kwenye friji, au tumbukiza sufuria kwenye maji yenye barafu kwa saa moja. Ukianza na kitu cha vuguvugu, nusu ya barafu yako itaishia kukipoza tu.

Ponda barafu ndani ya gunia kwa mchi mpaka iwe vipande vya ukubwa wa njegere mpaka karanga yenye ganda. Mabonge makubwa yanaacha nafasi za hewa, na hewa haipitishi baridi. Tandaza barafu chini ya ndoo unene wa vidole vinne, nyunyiza chumvi, weka sufuria katikati, kisha zungushia barafu na chumvi kwa tabaka mpaka karibu na ukingo. Acha vidole viwili chini ya mfuniko. Hapo ndipo ajali hutokea: maji ya chumvi yakipanda yakaingia sufuriani, kazi yote imekwenda. Mimi hufunga kitambaa safi kuzunguka mfuniko, na kila ninapofunua, nafuta ukingo kwanza.

Shika mikono ya sufuria uizungushe kulia na kushoto, nusu mzunguko, bila kuacha. Vaa glavu au shika kwa kitambaa, maji yale yanaunguza vidole kwa baridi. Baada ya dakika 5, funua, kwangua kilichoganda ukutani ukirudishe katikati, piga kwa mwiko, funika. Rudia kila dakika 5. Kukwangua huku ndiko kunakotengeneza ulaini: kila chembe ya barafu inavunjwa kabla haijakua. Watoto hupenda kazi ya kuzungusha, na kwa kupokezana hawachoki. Kati ya dakika 40 na saa moja utaona mwiko unakuwa mzito, mchanganyiko unashikamana kama uji wa kushiba na rangi yake imepauka kidogo kwa sababu ya hewa iliyoingia. Hapo acha kukoroga.

Toboa au inamisha ndoo umwage maji ya chumvi, yaweke kando kwenye karai, ujaze barafu na chumvi mpya, ufunike ndoo yote kwa blanketi. Ilale saa moja na nusu. Ikitoka hapo, donge linasimama lenyewe kijikoni.

Kwa friza

Friza inagandisha ikiwa imetulia, na kutulia ndiko kunakozaa chembe kubwa. Mimina mchanganyiko kwenye chombo kipana cha bati, kimo chake kisizidi vidole vitatu. Baada ya dakika 45 pembeni patakuwa pameganda. Vuruga kwa uma kwa nguvu, rudisha. Fanya hivyo mara nne. Baada ya hapo iache saa tatu au nne. Mwenye blenda yenye nguvu ana njia ya mkato: gandisha kwenye vibao vya barafu mpaka iwe ngumu, kisha saga vipande na urudishe friza kwa saa moja.

Umeme ukikatika, usifungue friza kuangalia. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa hushika baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Jaza nafasi tupu kwa chupa za plastiki zenye maji, zikiganda zitakusaidia.

Soda

Kreti moja ina chupa 24. Kwa glasi za mililita 300, chupa ya mililita 350 inatosha watu wawili, kwa hiyo watu 20 wanahitaji chupa 10, na mbili za akiba. Donge moja kubwa kwa kila glasi, au mawili madogo.

Ladha ninazoziamini: embe na Stoney Tangawizi, hiyo ndiyo ya kwanza kwangu bila ubishi, kwa sababu ukali wa tangawizi unaamsha embe. Nanasi na Sprite. Ukwaju na Coca-Cola, ambayo wageni huikataa kwa masikio na kuikubali kwa ulimi. Pasheni na Fanta ya chungwa kwa watoto. Kwa watu wazima wasiopenda utamu, embe lolote na maji yenye gesi na kipande cha ndimu.

Soda iwe ya baridi kiasi cha kuuma meno. Gesi hukaa ndani ya maji baridi na kukimbia maji ya moto. Donge lako, likiwa limejaa chembe za barafu na mapovu ya hewa, linaipa gesi maelfu ya mahali pa kutokea, na protini za maziwa zinalishika povu lisipasuke. Povu kidogo ni uzuri wa kinywaji hiki, lakini soda ya vuguvugu hupanda, humwagika mezani na kubaki tupu bila gesi. Kuipoza haraka, tumbukiza chupa kwenye ndoo ya barafu pamoja na maji na konzi ya chumvi kwa nusu saa. Maji ni lazima, kwa kuwa yanaigusa chupa pande zote. Chupa ya kioo usiiweke friza ukasahau. Soda ikiganda inapasua chupa.

Kuandaa na kugawa

Kama wageni wanakuja saa kumi jioni, nanunua barafu jana yake na kuilaza kwenye deli. Saa mbili asubuhi namenya na kusaga, mchanganyiko unapoa mpaka saa sita. Saa sita nazungusha ndoo. Saa saba sharubati inalala. Saa tisa na nusu nachota madonge yote kwa kijiko kilichochovywa maji ya moto, nayapanga kwenye hotpoti iliyopozwa kwa barafu ndani kwa robo saa, na kufunga. Watu hufikiri hotpoti ni ya kutunza joto la pilau. Inazuia tu joto kupita, liwe la kutoka au la kuingia. Madonge hukaa humo nusu saa hadi dakika 40 bila kulegea, na nikiizungushia barafu na chumvi ndani ya deli, zaidi ya hapo.

Glasi nazo ziwe za baridi. Inamisha glasi, mimina soda taratibu ukutani mpaka ifike nusu, ngoja povu lishuke, ndipo uteremshe donge kwa kijiko. Usilidondoshe. Ongeza soda kidogo kidogo juu yake. Wapo wanaoanza na donge kisha soda. Povu linakuwa kubwa na la kupendeza, na kwa watoto wawili watatu inafaa, lakini kwa glasi 20 utafuta meza jioni nzima. Weka mrija na kijiko kirefu pamoja, kwa sababu kinywaji hiki kinaliwa kwanza na kunywewa baadaye.

Andaa glasi nne nne, si 20 kwa mara moja. Za wazee zitangulie, na wapelekee walipoketi. Bibi yangu hakupenda kitu cha baridi moja kwa moja, alikingoja. Mtu kama huyo mpe donge kwenye kibakuli na soda pembeni, aichanganye kwa wakati wake. Na mgeni akikuuliza, "Umeipata wapi aiskrimu hii leo, na umeme haupo tangu asubuhi?", mwonyeshe ndoo.

Baada ya watu kuondoka

Sharubati iliyobaki ikiwa bado imeganda, sukuma kwenye kopo dogo, bana karatasi ya nailoni juu yake isikutane na hewa, na ile ndani ya siku tano. Sufuria ioshe kwa maji mengi matamu hata kama inaonekana safi, maana chumvi ikikaukia kwenye aluminiamu inaichimba vitundu. Maji ya chumvi usiyamwage kwenye mgomba wala bustani, utaunguza mizizi. Yale uliyoyaweka kando yachuje, yamimine kwenye karai pana na uyaanike juani mahali kuku hawafiki. Kwa jua la kabla ya mvua, ngoja siku kadhaa: maji yanaondoka, na chini kinabaki kigaga cheupe cha kukwangua. Chumvi hiyo si ya mboga. Ifunge kwenye kopo, uandike "ndoo", uiweke mpaka Jumapili nyingine.